Mchanga Kwanza, Samaki Baadaye

Kule Magomeni yuko fundi mmoja wa matangi ya samaki, mtu mzima sasa, ambaye hakubali kumuuzia mtu samaki kabla hajamuuliza habari za mchanga. Mteja huingia, huamkia, huonyesha kwa kidole samaki aliyempenda, na mzee humjibu kwa swali: chini ya tangi lako umeweka nini? Wengi hushangaa. Wengine hununa wakaenda duka la pili, ambako haulizwi mtu kitu. Mimi namheshimu kwa swali hilo kuliko hata kwa vioo vyake anavyovigandisha visivuje tone, kwani ndani yake mna elimu ambayo mjini hapa inazidi kuwa adimu.

Nimemwona akipokea mchanga. Haukubali kwa macho, maana mchanga mweupe wa pwani na mchanga mweupe wa mtoni waweza kufanana kabisa. Huuosha, huuanika kwenye sinia, huchota kiasi akaweka kwenye kisahani, kisha huudondoshea siki na kuinamisha sikio. Naam, sikio. Mchanga wa kwarizi hunyamaza. Hauna ugomvi na asidi, na utakaa majini miaka bila kuyabadili. Mchanga uliotokana na matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi hutoa mchemko mdogo, sauti nyembamba ambayo usipotulia huisikii. Hiyo ni hewa ya ukaa inayotoka pale asidi inapoila chokaa. Anaijua kwa daraja zake: kuna mchanga unaochemka mara moja ukatulia, ambao una vipande vichache tu vya simbi, na kuna unaoendelea kuchemka mpaka siki iishe nguvu. Huo wa pili huutenga kwenye ndoo yake, huandika juu ya kifuniko kwa chaki, wala hauchanganyi na mwingine hata mteja akimharakisha vipi.

Mchanga wenye chokaa huyageuza maji, na mageuzi hayo tunayapima kwa pH, kipimo chenye umri wa miaka mia na kitu tu. Mkemia Søren Sørensen alikipendekeza mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, na tangu hapo tunasema 7 ni maji yasiyoegemea upande wowote, chini yake asidi, juu yake alkali, na kila hatua moja ni mara kumi. Tofauti ya 7 na 8 kwa hiyo si ndogo kama inavyosomeka. Ila jambo lenyewe, kwamba jiwe huyageuza maji, waashi wa pwani walikuwa na habari zake kwa njia yao. Waliojenga jumba la Husuni Kubwa kule Kilwa katika karne ya 14 waliyajua matumbawe kwa mikono: lipi la kuchonga, lipi la kujengea ukuta, lipi la kutia tanuuni liwe chokaa. Hawakuhitaji karatasi ya kubadilika rangi kuambiwa jiwe lina nini.

Kwa nini yote haya kwa ajili ya samaki? Kwa sababu samaki wazuri kuliko wote wa matangini, au niseme walionishika moyo mimi, ni wa kwetu, nao hawana msamaha katika jambo hili. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, halizidiwi duniani ila na Baikal, na maji yake ya juu hukaribia pH 9. Humo mna zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote hazipatikani penginepo. Kuhe anayeliwa Kigoma ni mmoja wa jamii hiyo, mkubwa kuliko ndugu zake wote ziwani. Wadogo zake ndio wanaosafirishwa ng'ambo kupamba vyumba vya watu.

Na katika hao wadogo kuna wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Konokono wa ziwani akifa huacha kombe, makombe hurundikana sakafuni, na samaki wasiofika hata sentimita 5 huyafanya nyumba: hulala humo, hutaga humo, hukimbilia humo adui akipita. Kuna spishi ambayo dume huwa na uzito zaidi ya mara 10 ya jike. Yeye hubeba makombe kwa mdomo, moja moja, akayakusanya mahali pamoja ili majike wayaingie wakatage. Wengine huchimba mchanga kwa mdomo mpaka kombe lizame na kubaki tundu tu. Mwekee samaki huyo kokoto kubwa badala ya mchanga laini, umemnyima kazi aliyozaliwa nayo. Mwekee maji mepesi ya asidi, umemnyima ziwa lenyewe.

Mchanga wenye chokaa humrudishia sehemu ya ziwa lake. Taka za tangi zikivunjwavunjwa na bakteria huzaa asidi. Chokaa huila asidi hiyo kidogo kidogo, na maji hayaporomoki. Peke yake huyafikisha maji karibu na 8, na palipobaki fundi hutia magadi kidogo sana, kwa kipimo, kwa siku kadhaa. Hana haraka, na ana sababu. Amonia inayotoka kwa samaki haina makali sawa katika kila maji: kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1, kwenye pH 9 hupita theluthi. Anayepandisha pH bila kusafisha tangi anawatilia samaki wake sumu kwa mkono wake.

Kwa samaki wa Amazoni, mambo hugeuka. Maji ya Rio Negro ni meusi kama chai ya mkandaa, pH yake huwa 4 hadi 5, na samaki wake wadogo wenye mstari wa buluu wanataka mchanga ulionyamaza mbele ya siki, pamoja na majani makavu. Majani ya mkungu ndiyo yanayosifiwa na wafugaji wa dunia nzima; huuzwa kwa pakiti, yamepangwa vizuri, kwa bei ya kuumiza. Mkungu huu huu wa vivuli vya baraza zetu, ambao majani yake tunayafagia kila asubuhi na kuyachoma.

Ndipo ninapohuzunika. Nikiingia hotelini au katika ofisi kubwa nakuta tangi la fahari, taa zinawaka, na chini pamemwagwa kokoto zilizopakwa rangi ya waridi na buluu. Rangi ile hulifunika jiwe lisiseme na maji, kisha hubanduka. Sikilidi wa Kigoma wamewekwa pamoja na samaki wa Amazoni kwa kuwa rangi zao zinapendezana. Maji yakichafuka huletwa chupa ya dawa ya kupandisha pH, wiki inayofuata chupa ya kuishusha, na samaki wanayumbishwa huku na huku na mtu ambaye hajawahi kuinama akagusa mchanga wao. Samaki wa namna hiyo hafi siku hiyo hiyo. Hufifia, huacha kuzaa, hujibanza pembeni, na akifa huambiwa alikuwa dhaifu. Hununuliwa mwingine.

Enyi wenye matangi hayo, yaondoeni mawe ya rangi. Amueni kwanza mnafuga samaki wa wapi, kisha muwatafutie sakafu ya kwao. Kwa wa Tanganyika msiende kuvunja mwamba ulio hai baharini, wala msichote mchanga wa fukwe, ambazo zimekwisha kuliwa vya kutosha. Pwani yetu imekalia matumbawe ya kale, nchi kavu. Mawe yaliyopondwa Kunduchi Mtongani ni hayo hayo. Mawe hayo yakiondolewa vumbi na kuoshwa mpaka maji yatoke maangavu, yanatosha kuweka pembeni mwa tangi au ndani ya chujio, chini mkatandika mchanga laini. Gharama yake ni ndogo kuliko ya chupa moja ya dawa.