Kebo ya Fumba: Jinsi Unguja Ilivyounganishwa Upya na Gridi ya Taifa

Tangu mwaka 1980 umeme mwingi unaotumika Unguja umekuwa ukivuka bahari. Hutoka kwenye gridi ya Taifa kupitia Ras Kiromoni, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, ukaingia kwenye kebo iliyolazwa chini ya bahari na kuibukia Fumba, ambako njia ya nguzo huupeleka hadi kituo cha kupoza umeme cha Mtoni, yaani mahali ambapo msongo mkubwa wa kusafirishia hushushwa ili umeme uweze kusambazwa mitaani. Kebo hiyo ya kwanza ilikuwa na uwezo wa megawati 45, kiasi kilichozidi kwa mbali mahitaji ya kisiwa wakati huo. Mitambo ya dizeli ya Saateni, iliyokuwa ikiuangazia mji kabla ya hapo, iliachwa izeeke, kwa sababu umeme wa maporomoko kutoka Bara ulikuwa nafuu kuliko mafuta ya kuagiza. Na uamuzi huo, ambao kwa hesabu ya mwaka mmoja mmoja ulikuwa sahihi, ndio ulioiacha Unguja bila akiba yoyote ya maana pale kebo ilipokaribia umri wa miaka 30.

Mpangilio wa matukio yaliyofuata unastahili kuangaliwa kwa makini. Tarehe 17 Februari 2008, wakati wa ziara ya Rais George W. Bush, Tanzania ilitia saini mkataba wa dola milioni 698 na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC), na miongoni mwa kazi zilizoorodheshwa ndani yake ilikuwamo kebo ya pili ya Unguja, yenye uwezo wa megawati 100. Miezi mitatu baadaye, mwezi Mei, umeme wa kisiwa kizima ulikatika na haukurudi kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 ulikatika tena, safari hii kwa sababu ya hitilafu ya kebo yenyewe, na giza likadumu hadi Machi 2010. Kebo mpya ilizinduliwa rasmi Aprili 2013. Kwa hiyo dawa ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ugonjwa haujajitokeza, ila muda uliohitajika kutoka saini hadi uzinduzi, miaka mitano na zaidi, ulikuwa mrefu kuliko muda ambao kebo ya zamani ingeweza kustahimili bila kuharibika. Katika uchambuzi wa miradi ya wafadhili muda wa aina hii huhesabiwa kuwa suala la utawala tu, ilhali kwa mhandisi ni sehemu ya usanifu sawa na unene wa waya: anayejua kwamba kifaa kipya kitafika baada ya miaka mitano hana budi kuuliza kile cha zamani kitalindwa kwa njia gani katika kipindi hicho. Swali hilo lilijibiwa baada ya giza la pili, jenereta za dizeli zilipofungwa Mtoni kwa msaada wa wafadhili wengine, na gharama ya kila uniti iliyozalishwa hapo ikawa ya juu kuliko ile ya umeme wa gridi.

Lililoumiza zaidi katika vipindi vyote viwili vya giza lilikuwa maji. Mji wa Zanzibar hunywa maji ya ardhini, yanayohifadhiwa katika miamba ya chokaa ya matumbawe na kupatikana kwa visima na chemchemi, na sehemu kubwa ya maji hayo lazima ivutwe kwa pampu za umeme. Utaratibu haukuwa hivyo daima, kwani mfumo uliojengwa zama za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, uliyaleta maji ya chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini kwa mteremko wa ardhi, bila ya mashine. Mji ulipotanuka na chemchemi zikawa hazitoshi, pampu zilichukua nafasi ya mteremko, na tangu hapo kila kilowati iliyopungua Mtoni imekuwa ni ndoo iliyopungua katika mitaa ya Ng'ambo. Mwaka 2008, mabomba yalipokauka, watu walirudi kwenye visima vya kamba na kubeba madumu kutoka mbali, na wenye uwezo waliwasha jenereta ndogo za petroli kwa ajili ya pampu za nyumbani. Athari zake zilifika mahali ambapo mkaguzi wa mradi hafiki: mchumi Alfredo Burlando, aliyezichambua kumbukumbu za uzazi za kisiwa hicho, alionesha kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza la 2008 walizaliwa na uzito pungufu kwa wastani, jambo alilolihusisha na mapato yaliyopotea katika kaya zilizotegemea umeme kwa kazi zao.

Upande wa ufundi, kebo ya pili ni kazi iliyofikiriwa vizuri. Ilitengenezwa na kulazwa na kampuni ya Viscas ya Japani kwa msongo wa kilovoti 132, na sababu ya kuchagua msongo mkubwa kiasi hicho inaweza kuoneshwa kwa hesabu fupi. Umeme unaosafirishwa ni zao la msongo, ambao ni nguvu ya kusukuma, na mkondo, ambao ni wingi wa kinachopita. Kwa hiyo msongo ukiongezwa, mkondo unaohitajika kwa kazi ileile hupungua. Megawati 100 katika kilovoti 132 zinahitaji mkondo wa ampea 440 hivi katika kila mmoja wa nyaya tatu zilizo ndani ya kebo, wakati katika kilovoti 33 zingehitaji ampea 1,750. Na kwa kuwa umeme unaopotea kama joto ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo, mkondo ulioongezeka mara nne huleta upotevu wa mara 16 katika waya uleule. Kebo ya Pemba, iliyofadhiliwa na Norwei na kuzinduliwa mwaka 2010 kutoka Tanga, inatoa mfano mzuri wa kulinganisha: ni ya kilovoti 33 na megawati 25, yaani ikijazwa hubeba mkondo uleule wa ampea 440, lakini hufikisha robo tu ya umeme ambao mwenzake wa Unguja hufikisha. Kwa Pemba, yenye mahitaji madogo, uchaguzi huo uliokoa fedha za vituo vya kupoza umeme. Kwa Unguja ungekuwa kosa.

Msongo mkubwa nao una kodi yake. Kebo ya baharini ina waya uliozungukwa na kihami, yaani tabaka lisilopitisha umeme, kisha ganda la metali na maji ya chumvi, na muundo huo huifanya ihifadhi chaji kwa urefu wake wote. Katika umeme wa mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, chaji hiyo inalazimika kujazwa na kumwagwa bila kukoma, hivyo kwamba hata kabla ya mteja yeyote wa Unguja kuwasha taa, kebo yenyewe tayari inakula sehemu ya mkondo. Kadiri kebo inavyorefuka, ndivyo sehemu hiyo inavyokua, hadi kufikia umbali ambao inabaki nafasi ndogo mno kwa umeme wenye manufaa na wahandisi hulazimika kutumia mkondo mnyoofu, usiobadili mwelekeo, na vituo vyake vya gharama kubwa. Umbali kati ya Ras Kiromoni na Fumba, unaokaribia kilomita 40, uko ndani ya mipaka ya mkondo geu, na hiyo ni bahati ya kijiografia ambayo visiwa vingi havina.

Udhaifu mmoja, hata hivyo, ulibaki. Wapangaji wa mifumo ya umeme hutumia kanuni isemayo kwamba mfumo uwe na uwezo wa kuendelea kufanya kazi hata kipande chake chochote kimoja kikiharibika. Siku ya uzinduzi kanuni hiyo ilionekana imetimia, kwa kuwa Unguja sasa ina kebo mbili, lakini ya zamani haiwezi kubeba zaidi ya megawati 45, na kuanzia siku ambayo mahitaji ya kisiwa yanavuka kiwango hicho, kuharibika kwa ile kubwa kunarudisha mgao. Isitoshe, zote mbili zinaondokea upande mmoja wa pwani na kutua upande mmoja, na zote zinalishwa na gridi ileile, ambayo ikizimika Bara, Unguja nayo huzimika. Wingi wa kebo hauzai akiba pale njia inapokuwa moja.

Kwa nini basi mfadhili alijenga kebo badala ya vyanzo mbalimbali? Jibu limo katika umbo la fedha zenyewe. Mkataba wa MCC ni msaada usiorejeshwa, lakini una saa inayohesabu: miaka mitano tangu kuanza kutekelezwa, kwa Tanzania kuanzia Septemba 2008 hadi Septemba 2013, na baada ya hapo fedha ambazo hazijatumika hurudi zilikotoka. Taasisi maalumu, MCA-Tanzania, iliundwa kusimamia zabuni na malipo nje ya utaratibu wa kawaida wa wizara. Muundo wa namna hii hupendelea kitu chenye mwanzo na mwisho unaopimika, kinachoweza kuagizwa kiwandani, kusafirishwa na kukabidhiwa, na ndani ya mkataba huohuo ushahidi ulikuwapo: mradi wa umeme wa maporomoko ya Malagarasi, mkoani Kigoma, ulipogongana na hoja za mazingira uliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na paneli za jua, kwa sababu saa isingesubiri. Kebo ililingana na saa hiyo. Marekebisho ya bei, ukusanyaji wa madeni na nidhamu ya matengenezo havilingani nayo.

Ndiyo maana tatizo lililofuata lilijitokeza nchi kavu, kwenye vitabu vya hesabu. Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, hununua umeme kwa jumla kutoka TANESCO, shirika la umeme la Bara, na kuuuza rejareja, kwa sehemu kubwa kupitia mita za malipo ya kabla zinazojulikana kwa jina la Tukuza. Mteja wa nyumbani hulipa kabla hajawasha taa, lakini taasisi za umma, na hasa Mamlaka ya Maji, ZAWA, ambayo pampu zake haziwezi kuzimwa bila kuukausha mji, hazibanwi kirahisi hivyo. Maji yalikuwa yakitolewa bure kwa miongo mingi baada ya Mapinduzi, na ZAWA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2006, ilirithi wateja wasiozoea ankara pamoja na ankara ya umeme isiyozoea kusubiri. Mwaka 2017 deni la ZECO kwa TANESCO lilitajwa hadharani kuwa zaidi ya shilingi bilioni 120, Rais John Magufuli akaagiza wadaiwa wote wakatiwe, na Rais wa Zanzibar, Ali Mohamed Shein, akajibu kwamba Wazanzibari wangerudi kwenye vibatari.

Mkataba wa pili wa MCC, wa takriban dola milioni 472, ulikuwa umelenga sekta ya umeme, ikiwamo kuyaimarisha mashirika yenyewe, TANESCO na ZECO. Machi 2016 bodi ya MCC ilisitisha ushirikiano huo, ikitaja uchaguzi wa Zanzibar uliorudiwa mwezi huohuo baada ya ule wa Oktoba 2015 kufutwa, pamoja na utekelezaji wa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Awamu iliyonusurika ikawa ile ya chuma na shaba, na iliyopotea ikawa ile ya mita, bei na uhasibu. Kodi ya ongezeko la thamani iliyokuwa ikitozwa kwenye umeme unaouzwa Zanzibar iliondolewa baadaye kwa uamuzi wa serikali, bila mfadhili. Suala la bei lenyewe limebaki na mamlaka mbili: EWURA, ambayo husimamia bei za TANESCO na haina nguvu visiwani, na ZURA, ambayo husimamia bei za ZECO na haina nguvu Bara, huku umeme unaozihusu zote mbili ukipita kwenye kebo ileile.