Asasi za Hiari: Nadharia na Hali Halisi ya Bariadi

Kwa nini asasi zisizo za faida ni nyingi mahali pamoja na chache mahali pengine? Mwaka 1975 mchumi wa Kimarekani Burton Weisbrod alijibu kwamba serikali hutimiza matakwa ya walio wengi. Wenye mahitaji tofauti hujiundia vyombo vyao. Nadharia hii ina ukweli, lakini ina kasoro mbili.

Kwanza, inapima uhitaji na kusahau uwezo. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933, kwa sababu kahawa iliwapa akiba na shule ziliwapa makarani. Usukumani, nguvu hiyo ilitoka katika pamba: mwaka 1955 vyama vya wakulima viliunda shirikisho la VFCU.

Pili, inasahau mkono wa dola. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika miaka hiyo uhitaji wa mkulima wa Bariadi haukupungua. Kilichopotea ni chombo chake. Wala umoja haukufa: wizi wa ng'ombe ulipozidi, sungusungu walizuka vijijini bila kusubiri usajili, ingawa vikongwe waliotuhumiwa uchawi waliumia.

Kwa hiyo kada anayesoma daftari la usajili na kuandika kwamba wananchi wamelala, hajafanya uchambuzi. Hana budi kuuliza: ziada ya pamba inabaki kwa nani, na nani ana mamlaka ya kuvunja chama cha wakulima?