Vitenzi vya Wingu: Uhakiki wa Mwongozo Mmoja wa Kuhamisha Data

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthiliya na diwani. Safari hii ninaomba ruhusa ya kuhakiki karatasi ya kurasa mbili isiyo na jina la mwandishi wala mwaka, na ambayo haitaingia kamwe katika orodha ya vitabu teule. Ni mwongozo wa Kiswahili tuliopewa hapa idarani tulipokuwa tukiondoa kazi zetu kwenye kompyuta kongwe ili kuziweka katika hifadhi ya wingu. Mkandarasi aliyetufungia huduma hiyo aliuleta ukiwa umepigwa chapa vizuri, na sisi walimu wa lugha tulifurahi kuona kwamba, kwa mara moja, maelezo ya kompyuta yametufikia kwa Kiswahili na si kwa Kiingereza. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyeubandika ukutani.

Mwongozo una hatua nne, nami ninazinukuu zote kwa kuwa ni fupi. Kwanza: "Hamisha data zako zote hadi winguni." Pili: "Subiri usawazishaji ukamilike." Tatu: "Futa faili usizohitaji kwenye kompyuta ili kupata nafasi." Nne: "Data zako sasa ziko salama."

Mwenzetu mmoja kijana alizifuata hatua hizo kama zilivyoandikwa. Aliingiza rekodi za mahojiano katika folda iliyounganishwa na hifadhi ya wingu, akasubiri hadi alama ya kukamilika ilipotokea, kisha akafuta folda hiyo kwenye kompyuta ili apate nafasi. Huduma nayo ikafanya kazi yake. Kwa kuwa folda mbili zilikuwa zimefungwa pamoja, kilichofutwa chini kikafutwa na juu. Faili zilikaa kwenye pipa la taka la hifadhi kwa siku 30 kama ilivyo kanuni ya huduma hiyo, lakini tulikuwa likizoni. Tuliporudi, pipa lilikuwa tupu. Sehemu ya rekodi tuliipata katika diski ya nje iliyosahauliwa kabatini. Zilizobaki, zenye sauti za wazee waliojifunza Kiswahili ukimbizini Uganda, Kenya na Kongo, pamoja na madereva wa barabara ya Nimule, hatunazo tena. Mzee mmoja kati yao ameshafariki.

Katika kikao cha idara ilisemwa kwamba kijana alikuwa mzembe. Sikubaliani na kauli hiyo. Nimeusoma mwongozo mara nyingi tangu siku ile, na ninadiriki kusema kwamba yeye alitii Kiswahili kilichoandikwa. Kosa limo katika vitenzi.

Wakati nikisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, mijadala yetu kuhusu istilahi za kompyuta ilikuwa mikali, na karibu yote ilihusu nomino. Je, tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Intaneti au mdahalishi? Kipanya au puku? Nywila au nenosiri? Ikumbukwe kuwa mwezi Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walikuwa wametoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili, na jambo hilo liliupa mjadala uhai wa kweli. Tulikuwa tukifungua menyu moja baada ya nyingine na kubishana. Sidharau kazi ile hata kidogo. Lakini hakuna mtu aliyewahi kupoteza kazi zake kwa sababu aliita kompyuta tarakilishi. Kinachomwambia mtumiaji afanye nini kwa mkono wake ni kitenzi, nacho tulikipita haraka.

Tuanze na "hamisha". Kiingereza hutumia neno moja kwa ndege wanaovuka bahari, kwa watu wanaotafuta maisha na kwa faili zinazotoka mashine moja kwenda nyingine. Mfasiri amelichukua neno hilo na kulipa sawasawa yake ya kamusi. Kwa Mswahili, na zaidi kwa mtu wa Juba, kuhama ni kuondoka. Aliyehama hayupo tena alikotoka, nyumba imebaki tupu. Ukimhamisha mwanafunzi kutoka shule moja hadi nyingine, jina lake hukatwa katika daftari la shule ya awali. Kumbe kompyuta haihamishi hivyo. Inaposafirisha faili kupitia mtandao inatengeneza nakala upande wa pili, na ya asili inabaki ilipo mpaka mtu aifute. Kazi yenyewe ni mbili, kunakili na kufuta, na kati ya hizo mbili inatakiwa kuwapo ya tatu ambayo mwongozo wetu hauitaji popote: kuhakiki. Anayesoma "hamisha" hawezi kujua kwamba kuna nafasi hiyo ya katikati ambamo angeweza kusimama na kuangalia.

Historia yetu ya Afrika Mashariki inacho kisa cha aina hii, tena kikubwa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Waingereza waliondoka na majalada yapatayo 1,500 ya serikali ya kikoloni, na mengine yalichomwa moto. Kwa miaka mingi Kenya iliyauliza bila mafanikio. Mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa na kesi mahakamani London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada hayo yalikuwapo Hanslope Park, pamoja na maelfu mengine kutoka makoloni 37. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Jina ambalo Waingereza waliyapa majalada hayo, tukilifasiri, ni "nyaraka zilizohama", kana kwamba zilifunga mizigo zenyewe na kupanda ndege. Mwalimu wa sarufi ataona mara moja kilichofichwa. Zilihama, au zilihamishwa? Na nani? Na je, Nairobi iliachiwa nakala? Kiswahili kina kiambishi cha kusababisha na kina cha kutendwa, na kina namna ya kuonyesha kitu kimehamishiwa wapi. Mfasiri asipovitumia, ameamua mwenyewe kutovitumia.

Kinyume chake tunacho hapa hapa mjini. Nyaraka za zamani za utawala wa kusini, zikiwamo za wakati wa Waingereza, baada ya vita kuisha mwaka 2005 zilikaa miaka kadhaa ndani ya hema hapa Juba, katika joto, vumbi na mchwa. Baadaye wizara inayohusika na utamaduni na Rift Valley Institute walizitoa katika hema, wakazipanga, wakazisafisha na kuzipiga picha za kidijitali. Angalia vitenzi hivyo: kutoa, kupanga, kusafisha, kupiga picha. Karatasi haikutupwa baada ya picha kupatikana. Picha ni nakala na karatasi ni asili, na kila moja inamlinda mwenzake.

Kitenzi cha pili ni "sawazisha", na hiki ndicho kilichotuumiza hasa. Kusawazisha ni kuweka sawa. Tunasawazisha barabara, tunasawazisha hesabu. Timu iliyokuwa nyuma ikipata bao husemwa imesawazisha, na hapo kila upande una bao lake mkononi, hakuna anayeweza kulifuta la mwenzake. Kijana wetu alielewa hivyo hivyo: huku kuna faili, kule kuna faili, mambo sawa, basi huku naweza kufuta. Maana ya kompyuta ni nyingine. Ni kwamba pande mbili zimefungwa kwa kamba moja, na lolote litakalotokea upande mmoja, zuri au baya, litatokea upande wa pili. Ukikosea kuandika, kosa litapanda juu. Virusi vikiharibu faili, ile iliyoharibika ndiyo itakayochukua nafasi ya nzima. Ninapendekeza "fungamanisha". Najua ni refu na wanafunzi watanilalamikia, lakini lina onyo ndani yake: vilivyofungamana, ukikivuta kimoja cha pili kinafuata.

Kuhusu "futa" sina mengi. Tunafuta ubao na tunafuta machozi, na havipo tena. Mwongozo ulipaswa kutofautisha kuondoa faili kwenye kifaa kimoja na kuifuta kote. Huduma nyingi zina amri mbili tofauti kwa mambo hayo mawili, na Kiswahili hakikosi maneno ya kuzitenganisha.

Sasa sentensi ya mwisho: "Data zako sasa ziko salama." Kisarufi haina dosari. Sisi tunaofundisha po, ko na mo katika muhula wa kwanza tunajua kwamba "ko" ni ya mahali pasipo dhahiri. Mwandishi wa mwongozo bila kukusudia amesema kweli: ziko, yaani ziko huko, mahali fulani. Wapi? Neno "wingu" halisaidii. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huchanganya "winguni" na "mbinguni", na tangu mkasa wetu hakuna anayewasahihisha kwa bidii. Ukweli ni kwamba wingu ni mashine za watu, katika majengo ya watu, yenye umeme na walinzi. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Huenda faili yetu iko huko, au iko Ulaya, kulingana na mkataba uliosainiwa na mtu ambaye hakutuonyesha. Na masharti ya mwenye mashine hubadilika. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba hifadhi isiyo na kikomo iliyokuwa ikipewa vyuo ingekoma mwaka 2022, na kila taasisi ingepewa terabaiti 100 za kugawana. Vyuo vilivyokuwa vimesoma "isiyo na kikomo" kama ahadi ya milele vililazimika kuanza kupunguza.

Sipendekezi tuliache neno "wingu". Limeshaenea, na vita vya nomino nimeshavisema. Ninachodai ni kwamba litumike pamoja na kitenzi kinachomkumbusha msomaji uhusiano wake na mwenye mashine. Kiswahili kina "kuweka amana" tangu zamani. Mwenye kuweka amana anajua amempa nani, kwa masharti gani, na siku gani anaweza kuidai. Amana haijawahi kuwa mali ya aliyeitunza.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa mwongozo hakulifikiria kwa kuwa hakuandika akiwa Juba. "Subiri usawazishaji ukamilike," anasema, kama mtu anayesubiri chai ichemke. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa ubora wa santuri ya CD, huchukua takriban megabaiti 600. Saa 60 za mahojiano ni gigabaiti 36. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni kazi ya saa 40 mfululizo, umeme usikatike na jenereta isizimwe jioni. Mkonga uliofika Juba mwaka 2020 kutoka mpaka wa Uganda umesaidia wanaoufikia, lakini nao unategemea njia ndefu hadi baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki kwa pamoja. Mwongozo wa hapa ungesema: peleka kwa mafungu, andika katika daftari fungu lipi limefika, na usifute chochote katika wiki hiyo.

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, wanafunzi wetu wengi wanajifunza Kiswahili kwa ajili ya ofisi, si kwa ajili ya ushairi pekee. Watakutana na miongozo kama huu katika halmashauri, hospitali na benki, mahali ambapo kinachofutwa ni daftari la wagonjwa au la mishahara. Kwa hiyo nimeugeuza kuwa zoezi la tafsiri la mwaka wa tatu. Toleo tulilolikubali darasani, baada ya mabishano ya vipindi viwili, linasema hivi: Nakili folda kutoka kompyuta hadi hifadhi ya wingu, usiiondoe ya asili. Hesabu faili za pande zote mbili. Fungua chache, usikilize mwanzo, katikati na mwisho. Linganisha alama za uhakiki, yaani ile tarakimu ndefu ambayo programu huitoa kwa kila faili na ambayo hubadilika hata ikiguswa herufi moja. Weka nakala ya akiba katika diski isiyofungamanishwa na chochote. Hayo yote yakishafanyika, ndipo uamue kama unataka kuondoa faili kwenye kompyuta, na uwe umesoma amri inasema kuondoa au kufuta.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini sita badala ya nne, wakati ukuta ni mdogo. Karatasi mpya imebandikwa mlangoni, herufi kubwa. Mkandarasi tulimpelekea nakala, hajajibu. Diski ya nje imefungiwa katika kabati la chuma, na ufunguo anao karani. Mwezi ujao kijana wetu na mimi tutakwenda Konyokonyo kutafuta wale madereva tena, tuone ni wangapi wako tayari kuhojiwa mara ya pili.