Kioo Kinachorudisha Buluu na Kupitisha Kijani

Juu kidogo ya lenzi inayotazama slaidi, ndani ya hadubini ya florosensi, kuna kijisanduku cheusi kinachoenea kiganjani. Humo mna vichujio viwili na, katikati yao, kipande cha kioo kilicholazwa mshazari kwa nyuzi 45. Watu husifu lenzi na kamera. Mimi sifa zangu nampa aliyekichagua kipande hicho, kwa maana amekipa kazi mbili zinazopingana. Mwanga wa buluu ukitoka kwenye taa, kiurudishe chini kwenye sampuli. Mwanga wa kijani ukipanda kutoka kwenye sampuli, kiuache upite hadi jichoni.

Nafasi ya kufanyia hivyo ni finyu. Rangi ya fluoresini, inayotumika sana maabara, hufyonza vizuri mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 495 hivi, kisha hutoa wa nanomita 519 hivi. Katika pengo hilo la nanomita 24, kioo kinatakiwa kiache kurudisha na kianze kupitisha. Kioo cha kawaida cha nusu kwa nusu kingefanya kazi pia, ila kwa hasara: nusu ya mwanga inapotea wakati wa kwenda, na nusu ya kilichobaki wakati wa kurudi. Unaambulia robo. Na mwanga wa sampuli tangu awali ni hafifu mno ukiulinganisha na ule wa taa, hivyo robo ni umaskini.

Zamani sampuli ilimulikwa kutoka chini, na ule mwanga mkali ulielekea moja kwa moja kwa mtazamaji, kichujio kikabaki kupambana nao peke yake. E. M. Brumberg wa Leningrad alikwisha kulifikia wazo la kumulika kutoka juu, lakini ni Mholanzi Johan Ploem aliyelisambaza, alipoeleza mwaka 1967 mfumo wenye vioo vya kubadilishana, kila rangi na kioo chake.

Kioo chenyewe hakina rangi ndani yake. Kinachochagua ni utando wa juu: tabaka la silika, tabaka la oksidi ya metali kama titani au tantali, tena silika, na kuendelea hivyo makumi ya mara. Ni fizikia ileile inayotia upinde wa mvua kwenye mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi. Tofauti ni kwamba hapa kila unene umekokotolewa. Kwa mwanga wa nanomita 500, tabaka la silika lenye robo ya urefu wa wimbi lina unene wa nanomita 86 hivi. Linajengwa ndani ya chemba ya ombwe, atomu zikitua kidogo kidogo huku mashine ikipima.

Ukikishika dirishani utaona: ukikilaza mshazari kinarudisha buluu na nyuma yake dunia ni ya manjano; ukikigeuza kikuelekee sawasawa, mpaka wa rangi unahama kuelekea nyekundu. Kwa hiyo namba ya urefu wa wimbi iliyoandikwa pembeni mwa kioo haina maana bila pembe yake. Mnunuzi anayesoma tu asilimia ya mwanga unaopita, asiangalie mchoro wa jinsi inavyobadilika kwa kila urefu wa wimbi wala pembe, amenunua bahati nasibu.

Leza ikitumika badala ya taa inaleta mtihani mwingine. Utando huvuta kioo kikapinda, kwa kiasi ambacho jicho halioni. Mwanga unaopita ndani yake haujali sana. Unaorudishwa unajali, kwani kioo kilichopinda na kulala mshazari hukusanya mwanga kwa kiwango tofauti huku na kule, na nukta ya leza inakuwa yai. Dawa yake ni kioo kinene zaidi, mara nyingi milimita 3 badala ya 1. Lakini unene nao una gharama: kioo cha milimita 1 kinausogeza kando mwanga unaopita kwa theluthi ya milimita, na cha 3 kwa milimita nzima. Pale miale inaposafiri sambamba, kusogea huko hakuharibu picha. Pale inapokuwa inakusanyika, kunaivuruga. Mchaguzi mzuri huuliza kwanza kioo kitakaa wapi. (Prizimu mbili zilizogundishwa zikishika nafasi ya kioo bapa hupendeza kwa uimara wake, ila leza ikiwa na nguvu nyingi gundi huungua.)

Faida ya kioo hiki huonekana kwenye maabara za kifua kikuu. Makohozi yakipakwa rangi ya auramini, vimelea huonekana kama vijiti vya manjano-kijani kwenye giza, na msomaji wa slaidi hahitaji kukuza mara 1000 kama kwenye rangi ya Ziehl-Neelsen. Mara 200 hadi 400 zinatosha, kwa hiyo kila mtazamo unameza eneo kubwa zaidi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutumia hadubini za aina hii zenye taa za LED. Giza hilo la nyuma, ambalo bila hilo vijiti vingemezwa na mwanga, ni kazi ya kile kijisanduku.

Kioo kikiwekwa kijisandukuni, utando unatakiwa uelekee taa. Fundi hahitaji mashine kuutambua upande wake: husogeza ncha ya kalamu karibu na kioo, bila kugusa. Upande wenye utando, ncha na taswira yake hukaribia kukutana. Upande wa pili hubaki pengo kati yao, linalotokana na unene wa kioo, pamoja na kivuli cha taswira nyingine hafifu.