Damu Haibaki Nyekundu

Filamu ya The Red Violin, iliyoongozwa na François Girard na kutoka mwaka 1998, inabebwa na swali moja kwa zaidi ya saa mbili: kwa nini fidla hii ni nyekundu namna hii? Safari inaanzia Cremona, Italia, mwaka 1681. Inapita Vienna, Oxford na Shanghai, na kuishia kwenye ukumbi wa mnada jijini Montreal. Karibu na mwisho tunapewa jibu. Mke wa fundi Nicolò Bussotti, Anna, alifariki wakati wa kujifungua, na mtoto naye hakupona. Fundi akachukua damu ya marehemu, akaichanganya kwenye vanishi, akaipaka fidla kwa brashi ya nywele zake.

Siri hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 25, kwa hiyo sioni haja ya kuificha. Nimeitazama filamu hii mara tatu. Kila mara muziki wake umenishika, na kila mara jibu lake limenikera. Ili nieleze kwa nini, lazima nianze na kazi yenyewe ya kupaka rangi.

Fidla mpya kabla ya vanishi ni nyeupe kama unga. Ukiipaka rangi moja kwa moja, mbao hunywa rangi bila mpangilio: sehemu laini hunywa sana, sehemu ngumu hunywa kidogo, na chombo kinaota madoa ambayo hayatoki. Kwa hiyo fundi huiacha kwanza ipigwe na jua au mwanga wa taa maalumu mpaka iwe ya manjano, kisha huziba vinyweleo vya mbao kwa mkono wa kwanza usio na rangi. Rangi huja baadaye, ndani ya vanishi ya mafuta ya kitani na utomvu wa msonobari. Wekundu hupatikana kwenye mizizi ya mmea wa rubia iliyochemshwa na kugandishwa kwa shabu, au kwa wadudu wadogo wa koshinili, au kwa udongo wenye kutu ya chuma.

Hapo ndipo shida inapoanza. Fundi anataka rangi iliyokolea, lakini anataka pia mwanga upenye, ugonge mbao na kurudi, ili mistari ya mbao ionekane kucheza ukigeuza chombo mkononi. Akiongeza rangi nyingi kwenye vanishi, wekundu unakuwa mzito na mbao zinafunikwa kama mlango uliopakwa rangi ya mafuta. Akiongeza mikono mingi ya vanishi nyepesi, unene unazidi na mlio unaanza kuzibwa. Anabaki akijadiliana na vitu vitatu, rangi, mwanga na unene, na hakuna hata kimoja kinachokubali kushindwa kabisa.

Ndiyo maana kurekebisha rangi ni kazi ya vijiko vidogo. Fundi hujaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki vya mbao ileile, akivitazama mchana dirishani na usiku chini ya taa, kwa sababu wekundu unaopendeza saa nne asubuhi unaweza kuonekana kama tofali saa mbili usiku. Chombo kikielekea ukijani, anaongeza tone la nyekundu. Kikiwaka kama chungwa, anakituliza kwa mkono mwembamba wa kahawia. Kisha anasubiri kikauke, wakati mwingine siku kadhaa, kabla ya kuamua tena.

Sasa irudishe damu kwenye meza hiyo. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na vanishi ni mafuta. Hata zikilazimishwa kukaa pamoja, chuma kilichomo kwenye damu hubadilika kikikutana na hewa, na wekundu unageuka kuwa kahawia. Yeyote aliyewahi kuacha shati lenye damu bila kulifua anajua rangi inayobaki. Fidla ya Bussotti, kwa mapishi ya Girard, ingekuwa na rangi ya chai.

Mwishoni mwa mwaka 2009, watafiti walitangaza matokeo ya kuchunguza vanishi ya vyombo vitano vya Antonio Stradivari, fundi mashuhuri kuliko wote wa Cremona, vinavyohifadhiwa katika Musée de la musique jijini Paris. Walikuta mafuta, utomvu wa msonobari, na kwenye baadhi ya vyombo rangi nyekundu zilizokuwa zikiuzwa kwa wachoraji wa zama zile. Kwa maneno mengine, fundi alitumia vitu vya dukani na subira.

Najua jibu nitakalopewa: ile ni filamu, na damu ni mfano. Sawa. Lakini mfano nao una gharama, na mtu fulani huilipa. Hapa anayelipa ni Anna. Akiwa hai, filamu inampa dakika chache za kuogopa na kupigiwa ramli kwa karata. Akifa, anageuzwa malighafi. Huzuni inahesabiwa kuwa ya mumewe, kazi bora inahesabiwa kuwa ya mumewe, na yeye anahesabiwa kuwa rangi. Hadithi ya msanii anayehitaji maiti ya mpenzi wake ili afikie ukamilifu tumeuziwa mara nyingi, na wanaoanza kuandika au kuchora huimeza mapema mno. Wanaanza kuyatafuta maumivu kabla ya kujifunza kusubiri mkono wa kwanza ukauke.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba filamu ilikuwa tayari na njia bora ya kumweka Anna ndani ya fidla. Mwanzoni anaimba kwa kumung'unya wimbo usio na maneno. Mtunzi John Corigliano anauchukua wimbo huo na kuusafirisha karne baada ya karne, ukipigwa na Joshua Bell, na muziki huo ulipata tuzo ya Oscar. Sisi tuliokulia kwenye taarabu ya Unguja tunaielewa njia hiyo bila kufafanuliwa: mwimbaji anamaliza mstari, fidla zinaudaka na kumrudishia. Hakuna anayedai damu ya bibi imo kwenye mbao. Sauti yake imo kwenye kumbukumbu ya anayepiga, na hiyo inatosha.

Kuna jambo jingine ambalo filamu inalionyesha bila kulitafakari. Kwenye mnada, Morritz, mtaalamu anayechezwa na Samuel L. Jackson, anaibadilisha fidla halisi kwa nakala yake. Watu waliokuja kutoka kila pembe ya dunia, wenye fedha na ujuzi, wanashindana kuipandishia bei ile nakala. Ukumbi mzima unaitazama rangi na kuridhika.

Nakala ile haikupakwa damu ya mtu. Ilipakwa na fundi ambaye filamu haijishughulishi kumtaja, aliyekaa na vipande vyake vya majaribio na kuongeza tone baada ya tone mpaka nyekundu yake ikalingana na ile iliyodaiwa kugharimu roho mbili. Ningelipa kiingilio tena kumtazama yeye akifanya kazi.