Kopo Lisilomwagiliwa

Mwezi wa sita, mvua za msimu wa Impeshi zikishakatika, majani ya maua ya matunguu hugeuka manjano, hulala chali, na kopo hubaki na udongo mtupu. Asiyejua huumwaga. Mwenye huruma kupita kiasi huongeza maji, na tunguu likaozea humo humo. Fundi hulisogeza kopo chini ya upenu, kisha hulisahau kwa makusudi mpaka mwezi wa tisa. Miezi hiyo ya kutofanya kitu ndiyo inayonifanya niwastahi watunza maua kuliko wanavyostahiwa kwa kawaida. Kumwagilia hata mtoto anaweza.

Gitega, hapa Burundi, iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, digrii tatu na nusu kusini mwa ikweta. Mchana wa Krismasi na mchana wa mwezi wa saba unakaribia kulingana kwa urefu, na usiku, hata wa kujifunika mablanketi mawili, hauleti barafu. Ndiyo maana tulipu, ambayo hutaka majuma mengi ya baridi kali kabla ya kuchanua, huku kwetu ni hasara: itatoa majani kidogo na kunyamaza. Mimea ya hapa inapokea habari zake kwa njia nyingine. Ukame ndio unaoiambia ilale, na maji ndiyo yanayoiamsha. Anayemwagilia kiangazi anaipa habari ya uongo.

Upande wa Muyinga, nyika zikishuka kuelekea mto Ruvubu na hifadhi iliyopewa jina lake mwaka 1980, nyasi hukauka na mara nyingi huungua. Katika nyika za namna hiyo huota ua ambalo wataalamu wameliita Scadoxus multiflorus, lililoenea Afrika ya kitropiki karibu yote. Mvua zikirudi, kikonyo kinene hutoboa ardhi, shina lake limetapakaa madoa ya zambarau iliyoiva, na juu yake hufunguka duara moja jekundu lenye vijiua vinavyoweza kufika 200. Majani hufuata au huja pamoja nalo.

Wanaolifuga nyumbani wana adabu zao. Shingo ya tunguu huachwa usawa wa udongo, haizikwi. Mizizi haipendi kuguswaguswa, kwa hiyo chombo hakibadilishwi mpaka lenyewe likisukume kwa kujaa. Mbegu zake, zilizofichwa ndani ya matunda mekundu, hufa zikikauka. Huoshwa nyama yake na kupandwa mara moja, halafu mtu husubiri miaka kadhaa aone ua la kwanza. Na ua hili ni sumu. Haliwekwi jikoni karibu na vitunguu vya mboga, wala mahali mbuzi anapofikia.

Gladiola inataka ufundi mwingine, wa kung'oa. Majani yakinyauka, mmea huchimbuliwa kwa uma wa shamba, shina hukatwa, na matunguu huanikwa kivulini penye hewa. Litazame moja kwa karibu, utakuta ni mawili: la juu nono, la msimu huu, limekaa juu ya kisahani kilichonyauka, ambacho ndicho kilichopandwa. Baada ya wiki mbili au tatu, fundi hukisukuma kisahani kwa kidole gumba, upande mmoja tu. Kikibanduka safi na kuacha kovu kavu, kazi imekamilika. Kikichanika kwa unyevu, anaanika tena bila kulalamika. Pembeni huwa kuna vitoto vidogo vidogo, ukubwa wa punje ya mtama au njegere, havitupwi.

Inafaa ikumbukwe kwamba gladiola hizi za maua makubwa, zinazopamba altare na meza za arusi, si wageni kamili. Asili yao imechanganyika na Gladiolus dalenii, linaloota pori katika sehemu nyingi za Afrika, na lililopelekwa Ulaya kutoka kusini mwa bara. Uzazi wa mseto ulifanyika Ubelgiji, na Louis Van Houtte wa Gent akaanza kuuza aina hiyo mwaka 1841. Wabelgiji wakaja kututawala baadaye. Ua lilitangulia kwenda kwao.

Mvua za kwanza za mwezi wa tisa ni za kutazamwa kwa jicho baya: siku mbili za manyunyu, kisha jua la wiki mbili. Mzoefu huchimba kidole kwanza aone unyevu umeshuka kiasi gani. Gladiola huchukua siku 80 mpaka 100 hivi kutoka kupandwa hadi kuchanua, hivyo anayetaka za Krismasi hana nafasi ya kusitasita baada ya tarehe 20. Vile vitoto hupandwa katika mstari wao, mbali, visidaiwe kitu. Vitachukua misimu miwili au mitatu kabla ya kutoa ua, na kila kiangazi vitang'olewa, vitakaushwa na kuhifadhiwa sawasawa na wakubwa.