Leksa Isiamue Peke Yake

Chukua maneno haya: "mashamba ya migomba ya Rugu". Mtu wa Karagwe, iliko Rugu, hayasomi mara mbili. Kompyuta hukwama kwenye "ya", tena zote mbili.

Programu inayosoma lugha hugawa kazi. Leksa hukata maandishi vipande na kukipa kila kipande aina yake. Pasa huviunga kwa kufuata sarufi. Kwenye kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, mazoea yaliyoenezwa na Lex na Yacc, zana za Bell Labs za miaka ya 1970, ni kwamba pasa huomba kipande, na leksa huleta kimoja chenye aina moja. Lugha ya C inavuruga utaratibu huo. Ukiandika T * p, je, T inazidishwa kwa p, au p inatangazwa kuwa kielekezi cha aina T? Leksa haiwezi kujua mpaka ichungulie jedwali la majina ambalo pasa imelijaza. Inafanya kazi, ila ni kupitia mlango wa nyuma.

SWATWOL, programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili ambayo Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliieleza mwaka 1992, ilishika njia nyingine. Ikikuta "ya" haichagui. Inatoa fasiri zote: ya ngeli ya migomba, ya mashamba, ya kahawa. Kuchagua kunaachiwa kanuni za vizuizi za mwanaisimu Fred Karlsson, ambazo kazi yake ni kufuta zaidi kuliko kujenga: kushoto kuna "mashamba", basi futa kisichopatana nayo. Fasiri ikibaki moja, haiguswi.

Mzigo wa pasa unaongezeka, kweli, lakini kwa lugha ya ngeli naona ni bei halali. Kosa la leksa iliyoamua mapema halirekebishiki tena huko mbele.

"Ya" ya kwanza inakwisha upesi. Ya pili ni ngumu. Nomino ya karibu ni "migomba", lakini "mashamba" nayo inachukua "ya", na upatanisho hausemi lolote. Rudisha umoja: "shamba la migomba la Rugu". Sasa "la" ya pili inaruka migomba na kwenda moja kwa moja kwa shamba. Kwenye wingi ushahidi huo haumo kabisa katika maneno, na kanuni inayoshika nomino ya karibu itakuwa inabahatisha tu. Mimi ningeziacha fasiri zote mbili zipite.